Saa ya Jua Ukutani, Hatua Chache Kutoka Ikweta

Mteja akiniletea picha yenye saa ya jua, kile chombo kinachoonyesha saa kwa kivuli, anataka niihamishie ukutani, kitu cha kwanza ninachotazama ni lile bamba la chuma linalosimama katikati yake. Maua, jiwe lililoota kuvu, ndege aliyetua ukingoni, hayo yana wakati wake. Bamba ndilo linaloniambia picha imetoka wapi. Saa ya jua ikiwekwa sawasawa, ukingo wa bamba lake hufuata mhimili wa dunia, kwa hiyo mwinamo wake ni latitudo ya mahali penyewe, yaani nyuzi zake kutoka ikweta. London ni nyuzi 51 na nusu, ndiyo maana katika picha za bustani za Kiingereza bamba limeinuka sana. Kampala haifiki hata nusu nyuzi. Na Kayabwe, pale barabara ya Masaka inapokata ikweta, ni sifuri. Bamba linalala chali.

Haya sikuyasomea shule. Mimi ni mchoraji wa mabango na kuta, kwetu Bombo, mji wa kaskazini mwa Kampala, nyumba ya Wanubi ambamo Kinubi ni cha jikoni, Kiswahili cha barazani na Kiganda cha dukani. Makerere, alikoanza Margaret Trowell kufundisha sanaa mwaka 1937, niliizoea kwa kuipita nje, kwa sababu mzee aliyenifundisha kushika brashi alikuwa chini pale Wandegeya, mtaa wa Kampala, akiandika mabango ya vinyozi. Alikuwa na neno moja alilolirudia kila siku: herufi ikikosa kivuli imekufa, ikiwa na kivuli cha upande usio wake inaudhi. Tulikuwa tukibishana naye kama vijana wanavyobisha. Leo namlipia deni lile kwa kila ukuta.

Hajati mmoja mwenye gesti alinipigia simu. Gesti yake iko kando ya barabara, upande wa huku wa Kayabwe, na ukuta mrefu unaotazama mashariki ulikuwa mtupu, lipu bado nyeupe.

"Fundi, nataka bustani ya Ulaya," akasema. "Ile yenye saa ya jua katikati. Wageni wakitoka kupiga picha pale kwenye mstari, waje waone na kwangu."

Akanirushia picha kwa WhatsApp. Majani yaliyokatwa vizuri, nguzo ya jiwe, bamba la shaba limesimama.

"Hajati, bustani nitakuchorea," nikamwambia. "Lakini saa hiyo ni ya watu wa kwao. Hapa haitasema kweli."

Akacheka. "Kwani picha husema saa, mwanangu?"

Swali lile sikulijibu siku ile. Nililichukua nikarudi nalo nyumbani, nikaanza kuzitafuta picha za wakubwa, nione wao walifanyaje. Sijatoka Uganda kwenda kuziona zilipotundikwa; nimezikuza kwenye simu hadi bando likaisha, nikanunua jingine.

Iliyonikalisha zaidi ni ya mchoraji Hans Holbein, Mabalozi, ya mwaka 1533, iliyopo National Gallery, London. Wanaume wawili, Jean de Dinteville na Georges de Selve, wameegemea rafu mbili. Rafu ya juu imetandikwa zulia la Kituruki, na juu ya zulia vimepangwa vyombo vya kupimia mbingu: tufe la nyota, kwadranti ya kupimia pembe, na saa za jua za aina kadhaa. Mojawapo ni silinda nyembamba, ile iliyoitwa ya wachungaji. Unazungusha kofia yake hadi kijiti kiwe juu ya mwezi mliomo, unaielekeza kwenye jua, na kivuli kinashuka wima kikikata mistari ya saa. Kwa hiyo mchoraji aliyechora silinda ile na kivuli chake amekutajia tarehe, apende asipende. Wapo wasomi wanaoisoma kuwa ni 11 Aprili, na mwaka ule wa 1533 tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Sasa fikiria mtu anatundika picha ukumbini, wageni wanasifia zulia na manyoya ya kanzu, kumbe tarehe imeandikwa pale kwa kivuli chembamba kuliko unywele.

Karibu na silinda ipo saa ya jua yenye nyuso nyingi, kila uso na kijiti chake. Ukiisoma uso kwa uso, nyuso hazikubaliani. Jua moja, chombo kimoja, saa mbalimbali. Mtu aliyechora zulia fundo kwa fundo hawezi kupitiwa na jambo kama hilo. Mwaka ule Mfalme Henry VIII wa Uingereza alikuwa anaachana na Papa, na rafu ya chini ya picha hiyohiyo ina kinanda cha nyuzi chenye uzi uliokatika. Wanaosema Holbein alikuwa anachora ugomvi naona wana hoja. Lile fuvu lililovutwa chini ya miguu ya mabalozi, ambalo kila mtu hulisimulia, mimi halinishughulishi sana. Fuvu halihitaji kupimwa.

Halafu nikagundua kwamba Holbein alikuwa na pa kuuliza. Miaka mitano kabla, 1528, alimchora Nikolaus Kratzer, Mjerumani aliyekuwa mwanafalaki wa Henry VIII. Picha hiyo iko Louvre, Paris. Kratzer amekaa mezani kwake kama fundi aliyekatizwa kazi: mikononi ana bikari na kipande chenye nyuso nyingi, saa ya jua ambayo bado haijakamilika, na vifaa vingine vimetapakaa mezani na kutundikwa ukutani nyuma yake. Saa ile na ile iliyo kwenye Mabalozi zinafanana mno. Yaani kabla ya kuchora chombo kikifanya kazi, alikichora kikiwa kinatengenezwa, na mtengenezaji akiwa mbele yake anajibu maswali. Hilo nililichukua kama agizo. Nikamtafuta mwalimu wa jiografia wa sekondari, jirani yangu, nikamnunulia soda, nikamwomba anieleze tanjenti, ile hesabu ya pembe na urefu wa vivuli, kwa lugha ya mtu mwenye brashi.

Wa upande mwingine kabisa ni Dante Gabriel Rossetti, mchoraji wa Uingereza. Picha yake Beata Beatrix, aliyoifanyia kazi kuanzia mwaka 1864 hivi hadi 1870, iko Tate, London. Mwanamke amefumba macho, ndege mwekundu anamletea ua la mpopi, na nyuma kabisa, kwenye mwanga wa ukungu, ipo saa ya jua, kivuli kimelala kwenye tisa. Tisa ndiyo namba ambayo mshairi Dante wa Italia aliifungamanisha na Beatrice, mwanamke aliyempenda, aliyefariki mwaka 1290. Rossetti naye alikuwa amefiwa na mkewe, Elizabeth Siddal, mwaka 1862, na sura iliyomo kwenye picha ni yake. Nimeitazama mara nyingi nikitafuta jua limekaa wapi. Nuru imetapakaa, imetoka nyuma, haina haraka ya kumchoma mtu yeyote. Kivuli kimeletwa pale kutaja namba tu. Siidharau picha hiyo, ni nzuri kuliko chochote nitakachochora, lakini ukutani kwa Hajati isingenisaidia. Hata Salvador Dalí alifanya mzaha wa namna hiyo: mwaka 1966 aliweka kwenye ukuta wa mtaa wa Saint-Jacques, Paris, saa ya jua yenye uso wa mtu na umbo la kombe la baharini, na kwa kazi ya saa haifai kitu.

Kwa hiyo picha zipo zinazosema saa na zipo zinazoitaja saa tu.

Ile iliyonifanya nisimame niite watu wa nyumbani si ya rangi, ni ya vijiwe. Ni sakafu iliyofukuliwa Daphne, kitongoji cha Antiokia ya kale, leo Antakya nchini Uturuki. Mwanamume yuko chini ya nguzo, juu ya nguzo ipo saa ya jua, na maneno ya Kigiriki yanasema kwamba ya tisa imepita. Wageni wengi wanaosoma maelezo hayo inabidi waelezwe kuwa ile ya tisa ni mchana, watu wanapoacha kazi kwenda kuoga na kula, kwa sababu watu wa zama za Warumi walihesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Mtu wa Bombo haelezwi. Saa tisa ni saa tisa. Mke wangu alitazama picha akasema, "Huyo amechelewa chakula," akarudi jikoni.

Tofauti ni kwamba huko kwao mchana hurefuka kiangazi na kufupika majira ya baridi, na wao waliugawa mafungu kumi na mawili vivyo hivyo, hivyo saa ya kiangazi ikawa ndefu kuliko ya baridi. Hapa kwetu mchana ni saa kumi na mbili na dakika chache, mwaka mzima. Hesabu ya kuanzia macheo, ambayo kwa Warumi ilivutika na kusinyaa, kwenye ikweta inatulia. Na marehemu babu yangu aliifuata bila kujua habari za Daphne. Alikuwa anachomeka fimbo uani, anangoja kivuli cha adhuhuri kianze kurefuka, halafu kikifika urefu wa fimbo yenyewe, ukiongeza na kile kivuli kidogo cha mchana, anasema alasiri imeingia. Kwa mwezi wa tatu na wa tisa, jua linapopita utosini, kivuli kinalingana na fimbo saa tatu kamili baada ya jua kuwa juu kabisa. Ndiyo saa tisa. Mwadhini na yule mtu wa Antiokia wanatazama mstari mmoja.

Baada ya hapo nilirudi kwa Hajati na karatasi. Ukuta wake unatazama mashariki, nikaona ni bahati ambayo haiji mara mbili. Kwenye ikweta, mhimili wa dunia unalala kutoka kusini hadi kaskazini, sambamba na ukuta kama ule. Huhitaji bamba la pembetatu. Unahitaji nondo iliyonyooka, iliyofungwa kwa vishikizo viwili, imelala usawa wa pimamaji, imejitenga na ukuta kwa umbali mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Jua likichomoza, kivuli cha nondo kiko usawa wake. Likipanda, kivuli kinashuka ukutani. Mistari ya saa nayo inalala kama mistari ya daftari, ila nafasi zinaongezeka kila unaposhuka. Mwalimu wa jiografia alinipa hesabu: nondo ikiwa sentimita 20 kutoka ukutani, mstari wa saa moja uko sentimita 5.4 chini ya usawa wa nondo, saa mbili 11.5, saa tatu 20 kamili, saa nne 34.6, saa tano 74.6. Saa sita haina mstari. Jua liko juu ya ukuta, kivuli kingehitaji ukuta usio na mwisho.

Na namba zenyewe zinaanza moja, kwa sababu ni saa tangu macheo. Mzungu akiisoma ataongeza sita. Safari hii hesabu ya kugeuza ni juu yake.

Hapo sasa ndipo uchoraji wa kina Zarbula uliponisaidia. Giovanni Francesco Zarbula alikuwa fundi mzururaji wa Piemonte, Italia, karne ya 19. Alipita vijiji vya milima ya Alpi, huko Queyras na Briançon upande wa Ufaransa, akichora saa za jua kwenye kuta za nyumba na makanisa, juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, kisha anaweka ndege, maua na mapambo ya kuigiza marumaru, na mara nyingine herufi zake Z.G.F. Huyo ndiye ndugu yangu wa kazi. Picha na chombo kwake ni kitu kimoja: ukuta ulioelekea pengine kidogo tu, mistari inabadilika yote, na mapambo yanajipanga kufuata mistari. Nilifanya hivyo hivyo. Badala ya bustani ya Ulaya nikamchorea Hajati shamba la ndizi na kahawa chini yake, kibanda, kuku, korongo mwenye ushungi, na mistari mitano ya saa ikakatiza majani kama nyaya za kuanikia nguo. Korongo amesimama kwenye mstari wa saa tatu.

Ubishi haukukosekana. Kijana mmoja wa pale kwenye mstari, wale wanaowaonyesha wageni maji yanavyozunguka kwenye mabeseni, kila upande wa ikweta kivyake, alikuja akanihakikishia kwamba ikweta haina kivuli. Nikamwambia kivuli kinatoweka adhuhuri za karibu na 20 Machi na 23 Septemba tu. Mwezi wa sita, mlingoti wa mita moja unatupa kivuli cha sentimita 43 upande wa kusini adhuhuri, na mwezi wa kumi na mbili kinahamia kaskazini. (Kuhusu mabeseni nilinyamaza. Maji ya beseni hufuata yalivyomiminwa, nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuyaamrisha, lakini vijana wale wanakula kwa kazi hiyo na mimi nakula kwa yangu.)

Kilichonifunza zaidi katika kazi yote ni vivuli vya picha yenyewe, vya kuku na migomba. Tumezoea kunakili kutoka kalenda za Ulaya, ambako jua la baridi hutembea chini chini na vivuli vinakuwa virefu hata mchana. Hapa jua linapanda wima. Mwezi wa tatu, saa tatu ya asubuhi kivuli cha mtu tayari kinalingana naye, saa tano na kitu kimeingia miguuni. Ukichora mgomba wa Mpigi wenye kivuli cha mita kumi ukasema ni mchana, mkulima yeyote atakayepita atakucheka hata kama hajui kwa nini. Kwa hiyo niliamua picha nzima ni ya saa mbili asubuhi, vivuli vyote vinakimbilia magharibi, yaani ndani ya ukuta, na rangi yake nikaichanganya buluu na kahawia, nyeusi sikuigusa. Kila mbele ya kitu imepigwa nuru, kivuli kinajificha nyuma. Ni kazi ngumu kuliko kuchora kivuli cha pembeni, maana vitu vinataka kulala bapa, na ilibidi nivinyanyue kwa kingo za majani tu.

Halafu ikaja kesi ya dakika. Siku tulipofunga nondo, Hajati alisimama na saa yake ya mkononi.

"Fundi, hii yako imechelewa. Kivuli kiko saa tatu, yangu inakaribia saa nne."

"Hajati, ya kwako ndiyo imewahi."

Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita karibu na Mogadishu. Kayabwe iko nyuzi 32 hivi. Nyuzi 13, kwa dakika nne kila moja, ni dakika 52. Jua la Mogadishu limeshakaa juu kabisa, letu bado linapanda. Juu ya hapo jua lenyewe halina mwendo mmoja mwaka mzima: katikati ya Februari linachelewa dakika 14 zaidi, na mwanzoni mwa Novemba linawahi dakika 16, tofauti inashuka hadi kama dakika 36. Nilimwandikia Hajati haya kwa rangi ndogo chini ya kibanda, ili mgeni asije akakosa basi la Mbarara kwa ajili ya korongo wangu. Alipoelewa, alifurahi kuliko nilivyotegemea. Akawa anawaambia wageni kwamba serikali ina saa ya Wasomali na yeye ana saa ya Waganda. Sikumrekebisha.

Mstari wa saa tano ndio wenye udhaifu. Kivuli kikifika kule chini, nondo iko mbali na jua linaupiga ukuta kwa kukwaruza, kwa hiyo kinapanuka, kingo zinafifia, unabahatisha katikati yake. Nondo nyembamba ingekipoteza kabisa. Nene sana ingechafua saa moja na saa mbili huko juu. Tuliweka ya milimita 16, urefu mita moja na ushee ili mwezi wa sita na wa kumi na mbili, kivuli kinapohama kusini au kaskazini, kisikwepe mistari. Mchomeleaji alitaka kuipaka rangi ya fedha. Nilimkatalia, inang'aa na kutupa mng'ao ukutani.

Sasa Hajati anataka na ukuta wa magharibi, ambako hesabu ni ile ile lakini inakwenda kinyume: saa saba iko chini, saa kumi na moja iko jirani na nondo, na saa tisa imekaa sentimita 20 kamili. Anataka mstari huo uwe mwekundu, kwa ajili ya alasiri. Mbele ya ukuta upo mfenesi ambao kuanzia saa kumi unaufunika wote kwa kivuli chake, na mfenesi ni wa jirani. Jirani anasema tawi moja linaweza kukatwa kama atalipwa mafenesi yake ya msimu mzima. Hajati anasema fedha hiyo itoke kwenye ufundi wangu. Bado tunavutana.